Anaangalia Nini Ukutani

Jumatatu, 9 Septemba

Nimefungua daftari hili kwa sababu moja. Jirani yangu Pudensiana anapanga jambo. Nahitaji ushahidi wa maandishi.

Leo asubuhi, saa moja na robo, alisimama uani kwake akauangalia ukuta wa nyumba yake. Ukuta wa udongo. Hauna dirisha upande ule, hauna kalenda, hauna hata mjusi. Nilikunywa chai kikombe kizima, nikaongeza cha pili, bado amesimama. Mtu mwenye akili timamu haangalii ukuta vikombe viwili.

Kisha akafagia. Hapa ndipo mashaka yangu yalipokomaa. Hafagii kama watu. Anafagia nusu duara, nusu duara, kama magamba ya samaki, huku akirudi kinyumenyume mpaka mlangoni ili asiache hata unyayo mmoja. Nani anafuta nyayo uani kwake mwenyewe? Mwizi anafuta nyayo. Jangili anafuta nyayo. Mjane wa miaka sitini na tatu, hapa Misunkumilo, anafuta za nini?

Nilimuuliza mke wangu, Scolastica. Akajibu kwamba Pudensiana anafagia vizuri, basi. Akaongeza kwamba ukuta wetu wa mbele una michirizi ya mvua ya mwaka juzi na ufa unaopitisha kidole, na Jumamosi ya tarehe 21 wageni wanakuja kutoka Sibwesa, upande wa kina Elia, kijana anayetaka kumwoa binti yetu Glory, kuja kujitambulisha. Akasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikamwambia saruji iko njiani. Akauliza ni njia gani hiyo, maana sasa ni mwaka wa tatu. Mtu aliye kwenye uchunguzi hapotezi nguvu kwenye saruji.

Jumanne, 10 Septemba

Kituo changu cha ulinzi: nyuma ya banda la kuku, kwenye uzio wa minyaa unaotutenganisha na Pudensiana. Pametulia. Banda halina kuku. Mradi wangu wa kuku chotara uliisha mwezi wa tano kwa ugonjwa wa kideri, wote ndani ya wiki moja, na gunia la mtama la chakula chao nikalimwaga humo humo bandani kwa hasira. Siku mbili kabla ya kideri, Pudensiana alipita akasema kuku wangu wana manyoya ya kupendeza. Sisemi kitu. Naandika tu.

Saa nne kamili. Method, kijana wa bodaboda wa pale kona, ameingia kwa Pudensiana na viroba vitatu. Vizito. Pikipiki imekaa chini nyuma kama ng'ombe anayetaka kulala. Matairi yana tope jekundu la milima ya Mwese. Tope lile nalijua.

Pudensiana alifungua kiroba cha kwanza. Akachota kidogo. Akasugua katikati ya vidole. Akanusa. Akaweka ulimini!

Nimefikiria sana. Wajawazito hula udongo, lakini Pudensiana nimemfuta kwenye orodha hiyo kwa sababu ya umri. Waganga huonja udongo, lakini yeye ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani. Anabaki mtu mmoja tu anayeonja udongo wa milimani katika mkoa huu, na huyo ni mtu aliyepata dhahabu.

Dhahabu, hatua kumi na tisa kutoka jikoni kwangu.

Jumatano, 11 Septemba

Nimemhoji Method. Nilianza kwa mbali, hali ya barabara ya Mwese, mashimo, bei ya vipuri. Halafu nikamtupia: viroba vile vina nini? Akasema udongo, baba. Udongo gani? Akasema mmoja mweupe, mmoja wa njano, mmoja kama maini. Nikamuuliza umechimbwa wapi hasa. Akatazama pembeni. Akasema mama Pudensiana amemwomba asimwambie mtu, maana watu wakijua watakwenda na majembe na sululu, watapaharibu.

Sululu. Ametamka sululu kwa mdomo wake mwenyewe.

Nikamwahidi banda langu la kuku akinionyesha mahali. Akasema hana kuku. Nikamwambia hata mimi sina, na bado nalitumia. Akapiga kiki akaondoka.

Alhamisi, 12 Septemba

Leo nimeingia kambi ya adui. Nilikwenda kuomba chumvi. Najua mwanamume kuomba chumvi si jambo la kawaida, lakini mshangao ni silaha.

Pudensiana hakushangaa. Alinikaribisha, shemeji karibu, shemeji kaa, akanipa kigoda na kikombe cha uji wa ulezi. Kigoda alikigeuza mwenyewe, kikatazama ukuta. Akaketi pembeni yangu. Muda ulipita mrefu hivi kwamba uji ulishika utando.

Akaniuliza naona nini. Nikasema ukuta. Akasema niangalie tena, sina haraka ya kwenda popote. Nikaangalia tena, kwa tahadhari, kwa sababu nilijua ananipima kama nimeshajua siri.

Nilichoona nakiandika chote, maana kwenye ushahidi huwezi kujua kipi kitakuja kufaa. Saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni, jua linapita chini ya jani la mpapai. Kivuli cha jani kinaangukia ukutani, kina vidole, kinatembea. Ukuta ulikuwa wa kijivu, ukawa wa njano, ukawa kama chungwa lililoiva, halafu kama ndani ya kibuyu. Kuna michoro ya mawimbi imechorwa kwa vidole vinne. Mchana haionekani. Jua likilala inasimama yote kwa pamoja, kana kwamba mtu ameiita. Kisha inapotea. Dakika kumi na mbili kwa jumla.

Nikamuuliza anafaidika nini. Akasema mume wake alifanya kazi reli miaka thelathini, siku zote akiangalia saa, na alipofariki yeye aliamua hatakimbizana tena na siku. Siku itakuja yenyewe, yeye atakuwa ameketi.

Hakuna mtu anayesema maneno kama hayo bila kuficha kitu kizito.

Lakini la kutisha ni hili. Nilipoinuka niliona mtu kwenye chumba cha jiko, ameficha mikono chini ya khanga. Scolastica. Mke wangu wa ndoa. Amechafuka udongo mpaka kwenye viwiko. Akasema alipita kusalimia. Nilirudi nyumbani, na chumvi nikaisahau.

Jumamosi, 14 Septemba

Scolastica ametoka tena saa tisa. Akasema anakwenda jumuiya. Jumuiya yetu ni Alhamisi. Leo ni Jumamosi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Amerudi na udongo mweupe kwenye kucha. Na anaimba kwa sauti ya puani, polepole, akichambua mchele. Hajaimba hivyo tangu nilipoanza miradi. Nikamuuliza anaimba nini. Akasema hajui kama alikuwa anaimba.

Niseme ukweli, iliniuma. Si dhahabu. Iliniuma kwamba amefurahi na mimi simo. Miaka ishirini na sita tumekaa nyumba moja, anafurahia upande wa pili wa minyaa. Nilikaa na jambo hilo karibu robo saa. Halafu nikakumbuka kwamba mwenye dhahabu ndiye anayefurahiwa, na kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mpango ukanijia mzima mzima.

Jumapili, 15 Septemba

Siku kuu. Naandika nikiwa bado nina jasho.

Misa ya kwanza. Pudensiana na Scolastica wamekaa benchi la tatu. Padri alipoanza mahubiri nilishika tumbo, nikatoka nimeinama. Mahubiri yalihusu maua ya kondeni. Sikusikia yalipoishia.

Viroba vilikuwa barazani kwake, vimefunikwa gunia. Nikavipakia kwenye toroli. Lakini mimi si mwizi wa kijinga. Nafasi tupu hupiga kelele. Nikaleta viroba vyangu vitatu, nikavijaza udongo wa banda la kuku, nikavipanga vilevile, nikavifunika vilevile. Halafu nikarudi kinyumenyume mpaka kwenye minyaa nikifagia nyayo zangu kwa nusu duara, kwa ufagio wake. Mtindo wake mwenyewe. Nilisimama kidogo kuyaangalia yale magamba. Yametoka vizuri, kwa kweli. Hasa ya karibu na mpapai.

Kisha moja kwa moja kwa Manyanda. Manyanda ana karasha la kusagia mawe ya dhahabu kando ya kijito. Hajui Jumapili, karasha lake hupumzika likiharibika tu. Alifungua kiroba, akaangalia, akaniangalia mimi. Akasema, "Mzee Severini, haya siyo mawe. Huu ni udongo wa kukandikia nyumba. Mama yangu alikuwa anautumia." Nikamwambia afanye kazi yake. Akasema hakuna cha kusaga. Nikamwambia basi tuoshe.

Tukaosha. Viroba vyote vitatu, kwenye mtaro wenye kapeti la kunasia dhahabu. Ule mweupe ulipoingia kijitoni maji yaligeuka maziwa. Ukafuata wa njano. Ukafuata wa maini. Ilikwenda sambamba mistari mitatu bila kuchanganyika mpaka kwenye kona ya kijito, na huko ikakumbatiana. Waosha dhahabu wote waliacha makarai wakaangalia. Hakuna aliyesema kitu. Nimeandika kwa sababu watu wanane wakinyamaza kwa pamoja lazima kuna njama.

Kwenye kapeti: hakuna. Hata chembe.

Manyanda amesema hakuna. Bila shaka. Nani angesema ipo?

Jumatatu, 16 Septemba

Mungu wangu.

Nimerudi kutoka mjini saa tano. Mbele ya nyumba yangu, Scolastica na Pudensiana wamekunja magauni mpaka magotini, wanakanyaga tope kwenye shimo dogo. Viroba vitatu viko pembeni, vitupu. Viroba vyangu.

Udongo ulikuwa wa ukuta wetu. Scolastica ndiye aliyeuagiza kutoka Mwese. Wiki nzima alikuwa anajifunza kukandika kwa Pudensiana, nyuma ya jiko, ili wageni wa Glory wasiione michirizi na ufa, na ili mimi nisisumbuliwe na habari ya saruji. Alitaka iwe jambo la kunishangaza. Alinieleza mwenyewe, akicheka, tope shavuni.

Nami nimeuosha wote kijitoni.

Nilijisikia vibaya kwelikweli. Nilitaka kusema. Mdomo ulifunguka. Wakati huohuo Pudensiana alichota tope lile, akasugua, akanusa, akaweka ulimini. Akatema. Akageuza kichwa, hakumtazama Scolastica, hakunitazama mimi. Alitazama banda la kuku. Muda mrefu. Kisha akasema Mwese ni mbali na Jumamosi ni karibu, tutumie huu huu, udongo ni udongo, kinachotakiwa ni mkono. Akaongeza majivu, mkaa uliotwangwa, na samadi ya ng'ombe.

Mdomo wangu ukajifunga.

Wamekandika mpaka saa kumi. Taratibu kama watu wanaompaka mtoto mafuta. Kiganja kwa duara, halafu vidole vinne kwa mawimbi, halafu kusugua kwa jiwe la mtoni alilorithi Pudensiana kwa mama yake, laini kama sabuni iliyotumika. Jiwe lile nalo linahitaji uchunguzi.

Rangi: kijivu. Harufu: banda.

Jumanne, 17 Septemba

Pudensiana amenipa kazi. Anasema udongo huu si mzoefu, utapasuka ukikauka haraka, kwa hiyo uvikwe magunia mabichi mchana, na mtu mwenye subira aunyunyizie maji mara tatu kwa siku. Kwa mkono, kwa fungu la majani, shubiri moja baada ya nyingine, kuanzia juu. Akasema mtu huyo awe shemeji Severini, maana amemwona ana subira kubwa ya kukaa nyuma ya banda.

Nikauliza amenionaje. Akasema minyaa ina matundu.

Nimenyunyiza asubuhi, mchana, jioni. Nani angekataa, na hali yangu hii? Ukuta ukipasuka wageni wataona ufa mpya juu ya ufa wa zamani, na Glory atawaangalia wakwe zake akiwa ameinamisha kichwa. Mtoto yule hajaniomba kitu tangu amalize chuo. Kwa simu aliuliza tu kama pale mbele patakuwa pasafi.

Mara ya tatu, jioni, niligundua kwamba tope bichi lina sauti. Linameza maji kwa mlio mdogo, kama mtu anayeonja mchuzi. Nimeweka sikio kuhakikisha. Scolastica alinikuta sikio liko ukutani. Nikamwambia nasikiliza kama kuna mchwa.

Alhamisi, 19 Septemba

Kuna kitu kinatoka ukutani.

Saa moja asubuhi nilifunua magunia. Kwenye michoro ya mawimbi, ndani ya mifereji ya vidole, kuna nukta za kijani. Nilidhani ukungu. Nikasogea. Zina ncha.

Mtama. Mtama wa kuku wangu umeota kwenye ukuta wangu.

Nikaanza kung'oa. Mmoja, mmoja, kwa kucha. Kila ukiung'oa mmoja unaacha kitundu, na kando yake unaona mwingine ambao hukuuona. Nimeng'oa arobaini na mbili. Nilipoanza mstari wa pili niliona kila jani lina tone moja la maji kwenye ncha, na kila tone lina jua dogo ndani, na nikasimama kuhesabu majua, kwa ajili ya kumbukumbu, na ndivyo Scolastica alivyonikamata.

Aliangalia ukuta. Akakaa chini pale pale, kwenye vumbi. Nilidhani amezimia. Alikuwa anacheka mpaka machozi yanamtoka. Akauliza mtama umefikaje kwenye udongo wa Mwese. Nikasema huenda Pudensiana ameupanda ili aje kudai ukuta ni shamba lake. Akazidi kucheka. Akanikataza kugusa hata mmoja.

Sikupata usingizi wa mchana. Mwanamke aliyeharibiwa ukuta siku mbili kabla ya wageni anapaswa kulia. Huyu anacheka. Ama amechanganyikiwa, ama anajua.

Ijumaa, 20 Septemba

Jaribio la mwisho la kuokoa heshima ya nyumba. Nimeazima turubai la bluu nikalitundika ukuta mzima, nikapanga kuwaambia wageni kwamba ujenzi unaendelea. Scolastica alilivua kabla sijashuka kwenye ngazi. Akasema, "Baba Glory, acha ukuta upumue."

Mtama umefika kimo cha kidole. Mistari ya kijani inapanda na kushuka kwenye udongo wa kijivu kama shamba la matuta linavyoonekana ukiwa mlimani. Harufu imekwisha. Kunanuka mvua, na mvua bado mwezi na zaidi.

Glory amefika na basi la Tabora saa kumi. Aliteremka kwenye pikipiki ya Method na begi mkononi, na begi hakuliweka chini. Alisimama hapo njiani akiangalia. Nikaanza kuhesabu kwa vikombe vya chai. Kikombe kimoja. Kimoja na nusu. Mtoto wangu mwenyewe, ugonjwa umemfikia.

Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Baba, umefanya wewe?"

Nikasema ndiyo. Neno limetoka lenyewe. Akanikumbatia. Hajanikumbatia hivyo tangu darasa la nne. Sasa nifanyeje, nilirudishe?

Jumamosi, 21 Septemba

Wageni wamekuja sita. Kiongozi wao ni mzee Malale, baba mkubwa wa Elia, mfugaji wa Sibwesa, mtu mrefu mwenye kofia na fimbo. Nilikuwa nimeandaa hotuba kuhusu upungufu wa saruji nchini.

Hakufika mlangoni. Alisimama mbele ya ukuta. Wenzake wakasimama nyuma yake. Scolastica ameshika birika la kunawisha mikono, hajui amnawishe nani. Glory anaangalia vidole vya miguu yake. Hapa ndipo kila kitu kingevunjika. 

Mzee Malale akavua kofia.

Akasema yeye alikuwa mtoto walipohama na ng'ombe kutoka kaskazini. Walifika mvua zikiwa karibu, mama yake akakandika kibanda kwa haraka, kwa udongo wa zizini, na mtama ukaota ukutani usiku wa mvua ya kwanza. Baba yake alitaka kung'oa. Mama akasema nyie acheni, nchi imetupokea. Akasema ana miaka sabini na moja na hajauona tena ukuta wa namna ile mpaka leo. Akagusa jani moja kwa mgongo wa kidole. Macho yake yalilowa. Nimeandika: vumbi, au mbinu ya mazungumzo.

Kisha akauliza ni nani aliyefanya kazi hii.

Pudensiana alikuwa kwenye kigoda, mikono mapajani, ametulia. Scolastica bado ameshika birika. Nikaona nafasi, na nafasi haisubiri. Nikasema ni mimi. Nikaeleza kwamba ni utaalamu, kwamba nilipima udongo, kwamba nilinyunyiza mwenyewe shubiri kwa shubiri na kusikiliza unywaji wa maji. Hilo la kusikiliza lilimgusa sana.

Scolastica akatua birika. Akasema kwa upole, mbele ya watu wote, kwamba ni kweli kabisa, udongo wote huu ni wa Baba Glory, aliuleta mwenyewe Jumapili wakati wa misa, akauacha kwa jirani bila kusema, maana hapendi sifa. Akasema mtu wa namna hii hawezi kuwanyima wakwe zake. Atakuja Sibwesa kuwakandikia na nyie.

Wanawake wa Sibwesa wakapiga vigelegele. Mzee Malale akanishika mkono kwa mikono miwili. Nyumba yake, alisema, ina kuta nne na zote ni ndefu.

Wanajua wote. Pudensiana anajua. Scolastica anajua. Tangu lini? Nilimwangalia Glory kutafuta msaada. Alikuwa anacheka nyuma ya khanga, na Elia anamwangalia anavyocheka, kana kwamba hakuna ukuta wala mzee wala wali unaopoa.

Wamekubaliana kuendelea. Wamekula. Wamekaa nje mpaka jua linashuka, watu kumi, hakuna aliyekuwa na haraka. Saa kumi na mbili na nusu mwanga ukapita kwenye mtama na kila jani likaweka kivuli chake chembamba ukutani, mamia, yote yanaegemea upande mmoja. Mazungumzo yalikatika yenyewe. Mzee Malale akasema, haya.

Haya nini? Hakueleza. Uchunguzi unaendelea.

Jumapili, 22 Septemba

Mambo yamejipanga kuliko nilivyotegemea.

Baada ya misa Pudensiana alikuja mpaka kwenye minyaa. Akasema kwamba kwa kuwa mimi ni fundi sasa, na Sibwesa wananisubiri, na viroba vitatu vya udongo mzuri vimepotea kwa namna asiyoijua, ni vyema niende mwenyewe Mwese kuchimba vingine. Method atanipeleka Jumanne mpaka pikipiki inapoishia, halafu nitapanda kwa miguu. Yeye atakuja kunionyesha mahali. Akasema huko hatuchimbi kwa pupa, tunakaa kwanza, tunaangalia, halafu tunachukua kidogo kidogo kwa mkono.

Nilijibu kwa unyonge kwamba nitafuata maelekezo yote. Ndani yangu nilikuwa naruka.

Kwa sababu fikiria. Wiki mbili nimemfuatilia, leo amekubali mwenyewe kunipeleka mgodini. Amechoka kuficha. Manyanda alisema hakuna dhahabu, lakini Manyanda aliosha udongo wa juu tu. Chini je? Na hiyo habari ya kukaa kwanza na kuangalia ni wazi kabisa: anasoma alama za mwamba. Nitakaa naye. Nitaangalia anachoangalia, vikombe viwili, vikombe vitatu, hata siku nzima ikibidi. Karai la kuoshea nimeshalificha ndani ya koti la mvua. Manyanda asijue.

Jioni hii nimenyunyiza ukuta, mara ya tatu, kuanzia juu. Hakuna aliyenituma leo. Ni kulinda tu mali kabla ya safari. Scolastica ametoa benchi nje akakaa. Akasogea, pakabaki nafasi pembeni yake. Nikakaa, kwa sababu kutoka pale naona vizuri uani kwa Pudensiana.

Scolastica akauliza kwa nini koti langu la mvua lina umbo la duara, na kiangazi hiki. Nikasema limekunjamana. Jua lilikuwa limefika kwenye mstari wa pili wa mtama. Akaegemeza kichwa kwenye bega langu, ambalo halijaegemewa miaka mingi, akaanza kuimba ule wimbo wake wa puani.

Halafu akatabasamu. Hakuna aliyesema kitu cha kuchekesha. Saa kumi na mbili na dakika thelathini na nane. Kesho nitamfungulia ukurasa wake peke yake.